Makaburi ya Chapwani, Mbele ya Mji wa Unguja

Anayesafiri kwa meli kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, kabla hajafika gatini Malindi huona visiwa vidogo upande wake wa kushoto, kama watoto waliotoka nje kumlaki mgeni. Kimoja ni Bawe, kingine ni Changuu, na kingine, chembamba chenye miti mingi, ni Chapwani. Watu wengi hutazama upande wa kulia tu, kwa kuwa ndiko uliko Mji Mkongwe na majumba yake, na minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu lililojengwa na mapadre wa Roho Mtakatifu katika miaka ya 1890, na jumba la Beit-al-Ajaib ambalo sehemu yake ilianguka mwezi Desemba 2020. Mimi safari hii nilitazama kushoto. Chapwani ina jina la pili, nalo ndilo lililonivuta: Kisiwa cha Makaburi.

Mwezi wa Novemba sisi huwakumbuka marehemu wetu. Twafyeka majani makaburini, twapaka misalaba chokaa, twawaombea kwa majina. Basi nikafikiri kwamba wako marehemu waliolala mbali na ndugu zao, wala hapana shangazi wala mjomba wa kuwapalilia. Nikamchukua mpwa wangu, kijana wa darasa la sita mwenye maswali mengi kuliko mwalimu wake, tukaondoka.

Tuliposhuka pwani karibu na Forodhani vijana wa boti walitukimbilia. "Kobe, mzee! Kobe!" Maana wageni wote huenda Changuu kutazama kobe wakubwa, ambao wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Nikasema sitaki kobe, nataka makaburi. Mmoja akacheka, mwingine akageuka kumtafuta mgeni mwenye akili timamu. Lakini mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya ngalawa iliyopinduliwa, akishona jarife lake, aliinuka akajikung'uta mchanga. Mpwa wangu akamwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wataka kwenda Chapwani na baba yako?"

"Si baba yangu, ni mjomba."

"Haya, wewe na mjomba wako. Bahari leo imelala. Lakini sharti tuombe ruhusa kwanza, maana pale sasa pana hoteli, huwezi kupanda pwani kama unaingia shambani kwako."

Akapiga simu, ruhusa ikapatikana. Mapatano ya nauli yalichukua muda mrefu kuliko safari yenyewe, lakini hayo ni desturi ya pwani, wala hayakutuletea chuki. Boti ilikuwa na mashine ndogo. Baada ya kama robo saa tulikuwa tumefika.

Kisiwa ni cha mawe ya matumbawe, na mchanga wake ni mweupe. Jambo la kwanza lililomshangaza kijana ni popo. Hawa si popo wadogo tuwajuao wanaokaa darini, bali ni popo wakubwa wa kula matunda, mamia kwa mamia, wakining'inia mitini mchana kutwa kama vitambaa vyeusi vilivyoanikwa, wakigombana kwa sauti. Chini ya miti hukimbia paa wadogo, warefu wa kufika gotini tu. Tukafuata njia chini ya miti mpaka makaburini. Nahodha alitangulia, lakini tulipokaribia alisimama kando, akatuacha tuingie peke yetu.

Mahali penyewe si pakubwa. Msomaji asidhani ataona uwanja mpana wenye misalaba mistari kwa mistari, kama picha za makaburi ya vita ya Ufaransa. Ni makaburi machache, ya mawe, yenye maandishi ya Kiingereza, mengine yameliwa na hewa ya chumvi, na majani makavu yanaanguka juu yake siku zote. Watu wamezikwa hapa tangu mwaka 1879. Tulianza na yale ya zamani.

Katika miaka ile palikuwa na manowari kuukuu ya Waingereza, jina lake London, iliyotia nanga mbele ya mji wa Unguja tangu mwaka 1874. Yenyewe haikusafiri, ilikuwa kama kambi ya kuelea. Kutoka kwake zilitoka mashua ndogo kwenda kuyawinda majahazi yaliyopakia watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Waanglikana la Mkunazini limesimama pale pale lilipokuwa. Ndani yake pana dirisha la kioo la kuwakumbuka mabaharia waliokufa katika kazi hiyo. Lakini kufunga soko si kufunga biashara. Watumwa waliendelea kupitishwa usiku, hasa kupelekwa Pemba kwenye mashamba ya karafuu.

Mkubwa wa meli ya London alikuwa Kapteni Charles Brownrigg. Mwezi Desemba 1881 alikuwa karibu na Pemba katika mashua ya mvuke, pamoja na watu wachache tu, walipokutana na jahazi lililopandisha bendera ya Ufaransa. Waingereza hawakuwa na ruhusa ya kulipekua jahazi la Kifaransa, hivyo alikaribia kutazama tu bendera kama ni ya haki, bila kuwaweka watu wake tayari kwa vita. Kumbe ndani mlikuwa na watumwa, na wenye jahazi walikuwa wamelala chini na bunduki zao. Wakapiga, kisha wakarukia mashua. Brownrigg alipigana akiwa ameigeuza bunduki yake kuwa rungu, mpaka akauawa. Amezikwa hapa Chapwani.

Mpwa wangu aliuliza, "Mjomba, na wale watumwa waliokuwa jahazini?" Nikamwambia jahazi lilijiendea na watumwa wake siku ile. Hakulipenda jibu hilo, nami pia silipendi.

Sasa tuje kwa manowari ya Pegasus, maana ndiyo habari kubwa ya kisiwa hiki.

Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwezi Agosti 1914, bara letu la Tanganyika lilikuwa chini ya Wajerumani, na Unguja ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza; bahari ya katikati ni safari ya saa chache tu. Wajerumani walikuwa na manowari moja nzuri ya mwendo wa kasi, jina lake Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff. Ilikuwa imejificha katika midomo ya mto Rufiji. Waingereza walikuwa na Pegasus, meli iliyoshushwa majini mwaka 1897, iliyokwisha kuchoka. Mwezi Septemba mitambo yake ilikuwa imeharibika, ikabidi kutia nanga Unguja ili mafundi waitengeneze. Manowari wenzake walikuwa wamekwenda kusini. Wajerumani wakapata habari kwamba meli ya Waingereza imelala bandarini, nao wakatoka Rufijini usiku.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914. Yapata saa 11 alfajiri Königsberg iliingia kwa mlango wa kusini. Ikaizamisha mashua ya ulinzi iliyokuwa pale, kisha ikaanza kuipiga Pegasus kwa umbali wa kilomita 8 hivi. Hapa ndipo mtu anapoona kwamba vita hiyo ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza. Mizinga ya Königsberg ilifika mbali. Mizinga ya Pegasus ilikuwa mifupi kwa nguvu, na makombora yake yakaanguka majini kabla ya kumfikia adui. Pegasus haikuweza hata kung'oa nanga ikimbie, kwa maana mitambo ilikuwa imefunguliwa. Mabaharia walipiga, wakatazama makombora yao yakizama baharini, na ya adui yakiwaangukia wao. Kabla ya nusu saa kwisha mizinga ya upande uliomwelekea adui ilikuwa imenyamazishwa yote. Magazeti ya Uingereza wakati ule yalisimulia sana habari ya bendera iliyopigwa ikaanguka, na askari wakaishika kwa mikono yao. Huenda ilikuwa hivyo. Mimi niliposimama mbele ya kaburi niliwafikiria zaidi wale waliokuwa chini ndani ya meli, ambao hawakuiona bendera wala adui.

Königsberg ilipomaliza kazi yake iliondoka, ikitupa majini mapipa yaliyojazwa mchanga ili Waingereza wadhani ni mabomu ya baharini. Mbinu hii kijana aliifurahia mno, nikamkumbusha tuko wapi.

Watu 38 wa Pegasus waliuawa au walikufa kwa majeraha, na 55 walijeruhiwa. Meli yenyewe ilipinduka na kuzama alasiri ya siku ile ile, mbele ya mji. Mwaka 1955 sehemu ya chuma chake iliopolewa ikauzwa, mabaki yako chini mpaka leo. Na mabaharia 24 wamelala hapa Chapwani. Kati yao wako wapigaji mizinga, na watia makaa tanurini, na askari wa majini, watu wa kawaida kama wafanyakazi wa reli na bandari wa kwetu. Hapana aliyechagua Unguja. Yaelekea wengine hawakuwahi kulisikia jina lake walipokuwa watoto.

Tukaondoa majani makavu kwa mikono. Kisha tukasali Baba Yetu na Salamu Maria, na raha ya milele uwape ee Bwana. Kijana akasoma majina kwa sauti, akiyavunja kwa ulimi wa kwetu, lakini aliyasoma.

Tuliporudi kwa nahodha tulimkuta ameketi kivulini. Akauliza, "Mmewaombea wenu?"

Nikasema, "Si wetu, bwana. Ni Waingereza."

"Naam. Lakini wana majina." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Babu yangu mzaa baba alichukuliwa vita hiyo hiyo. Si kwa bunduki, kwa mizigo. Walivushwa bara, yeye na wenziwe, kuwabebea Waingereza. Hakurudi. Baba yangu alikuwa mtoto wa kunyonya. Kila mwaka twamsomea hitima, lakini hatujui kalala wapi, kama ni Rufiji, kama ni Mahenge, hatujui."

Wasomaji wapenzi, hapo ndipo safari yangu ilipogeuka. Nilikuja kutazama makaburi yaliyopo, nikaanza kufikiri juu ya yasiyokuwapo.

Hapo Unguja penyewe, miaka 18 kabla ya Pegasus, yaani tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilipiga jumba la Sultani kwa dakika 40 hivi tu, kwa sababu Seyyid Khalid bin Barghash alijitwalia kiti bila ridhaa yao. Watu hupenda kusema kwa mzaha kwamba ni vita fupi kuliko zote duniani. Lakini katika dakika hizo watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Wengi walikuwa watumishi, watumwa na askari wa kawaida. Ukipita leo mbele ya bahari, pale Forodhani, huoni jiwe lenye majina yao. Khalid mwenyewe alikimbilia kwa balozi wa Wajerumani, akapelekwa Dar es Salaam, akafa Mombasa mwaka 1927.

Na wapagazi je? Vita ya Afrika Mashariki ilikuwa vita ya miguu. Magari yalikwama, wanyama walikufa kwa ndorobo, ikawa kila kombora na kila gunia la unga halina budi kupita juu ya kichwa cha mtu. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi kwa mamia ya maelfu, na Wajerumani nao wakachukua wa kwao, mara nyingi kwa kamba. Mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam ulipata jina lake kwa kikosi hicho cha wapagazi wa Waingereza, waliokuwa na kambi pale. Unguja nayo ilitoa watu wake. Mwaka 1916 Frank Weston, askofu wa Waanglikana wa Zanzibar, aliunda kikosi cha wapagazi, akapewa cheo cha meja, akatembea nao mwenyewe bara. Alifanya hivyo kwa kuwa aliona jinsi watu walivyotendewa vibaya wakiwa hawana wa kuwasemea. Wapagazi wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, na homa ya malaria, na kichomi katika mvua, na unga wa mahindi uliosagwa vibaya ukapikwa nusu. Mtu alianguka njiani, mzigo wake ukachukuliwa na mwingine, safari ikaendelea.

Mwaka 1917 Waingereza waliunda tume ya kutunza makaburi ya vita. Shauri lake kubwa lilikuwa zuri, hata leo naona ni zuri: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kubagua cheo, rangi wala dini. Ndiyo sababu mtia makaa wa Pegasus ana jina lake juu ya jiwe kama angelikuwa mkubwa wa meli. Lakini huku kwetu shauri hilo halikufuatwa. Kwa Waafrika wengi walisema sanamu moja ya wote yatosha. Mwezi Aprili 2021 tume hiyo hiyo ilitoa taarifa ndefu ikakiri jambo hili na kuomba radhi. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Baada ya hapo kazi ya kutafuta majina imeanza. Huko Cape Town, mwezi Januari 2025, ilifunguliwa kumbukumbu yenye majina zaidi ya 1,700 ya wafanyakazi Waafrika wa Afrika ya Kusini waliokufa katika vita ile. Kwa hiyo yawezekana. Madaftari mengine yapo, majina mengine yamo ndani yake.

Niliyasema haya kwa nahodha, si yote, maana mashine ya boti ilikuwa inanguruma. Alisikiliza. Kisha akasema, "Wewe wapita Dar es Salaam. Pale mjini pana sanamu ya askari mwenye bunduki. Nami nimesikia iliwekwa kwa ajili ya vita hiyo. Hebu nitazamie chini yake kama wameandika jina la babu."

Sanamu hiyo naijua. Ilisimamishwa mwaka 1927, pale ilipokuwapo kwanza sanamu ya Mjerumani, von Wissmann. Chini yake pana maandishi kwa Kiswahili na Kiingereza, yanawataja askari na wapagazi kwa pamoja. Jina la mtu hata mmoja hamna. Ikanibidi kumwambia hivyo. Akaitika tu, "Aa," akageuza usukani kidogo kuepa wimbi.

Mpwa wangu alitaka kujua Königsberg iliishia wapi. Haikufurahia ushindi wake muda mrefu. Ilirudi Rufiji, ikafungiwa humo na manowari za Waingereza, na tarehe 11 Julai 1915 meli mbili ndogo, Severn na Mersey, ziliipiga huku ndege ikiwaonyesha shabaha kutoka juu. Mabaharia wake waliouawa walizikwa huko huko mtoni, katika mikoko. Mizinga yake 10 Wajerumani waliiopoa, wakaitia magurudumu, ikavutwa bara na watu, tena kwa kamba mabegani, ili kupigana nchi kavu. Mizinga ya Pegasus nayo Waingereza waliiopoa wakafanya vivyo hivyo. Leo ukienda Mombasa, ndani ya Ngome ya Yesu, utaona mzinga mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg, imekaa pamoja kama wazee wawili barazani, na watoto wa shule wanaipanda wapigwe picha.

Mwenye kutaka kwenda Chapwani ajue haya. Aombe ruhusa kabla ya kupanda boti, maana kisiwa kina wenyewe. Avae viatu vigumu, matumbawe yanakata. Achague siku ambayo upepo ni mdogo, aende maji yakiwa yamejaa, la sivyo atatembea majini na nguo mkononi. Makaburi yenyewe hayahitaji zaidi ya nusu saa, lakini asiende kwa haraka, na watoto wasiwatupie popo mawe. Na kama katika ukoo wenu yuko babu au babu wa babu aliyekwenda kubeba mizigo ya vita na asirudi, andikeni sasa jina lake, na kijiji chake, na mwaka kama waujua mzee yeyote aliye hai. Nahodha wetu jina la babu yake alilijua. Aliliandika nyuma ya tikiti yangu ya meli kwa herufi za Kiarabu, na kijana akaliandika tena chini yake kwa herufi zetu.